Bakuli la Kimeksiko jikoni kwako: kupasha moto peke yake hakutoshi



Usiku mmoja nikiwa zamu katika zahanati ninayofanyia kazi, waliingia watu watano wa nyumba moja: mama mtu mzima, wanawe watatu na mjukuu wa miaka miwili. Wote walikuwa wakitapika. Wakubwa walijikongoja wenyewe, lakini yule mtoto alinitia hofu. Macho yalikuwa yamedidimia, midomo imekauka, na nilipobana ngozi ya tumbo lake ilirudi polepole. Hizo ni dalili za kupungukiwa na maji mwilini.

Nikauliza swali ambalo kila tabibu huliuliza katika hali kama ile: mmekula nini, na mlikula saa ngapi? Binti mkubwa akajibu kwa aibu kwamba alipika chakula alichokiona kwenye simu, bakuli la Kimeksiko. Wali chini, nyama ya kusaga juu yake, na pembeni maharage, mahindi na parachichi. Kabla hajamaliza mama akadakia: "Si nilisema mimi, hivi vyakula vya watu vitatutia balaani!"

Niliendelea kudodosa. Nyama ilipikwa jioni ikaliwa muda ule ule. Maharage yalichemshwa vizuri. Wali ndio uliopikwa baada ya Adhuhuri, ukafunikwa na kuachwa kwenye sufuria juu ya meza mpaka walipokula baada ya Isha. "Lakini daktari," mama akasema, "mbona tuliupasha moto mpaka ukatoa moshi?"

Ndugu msomaji, katika swali la mama yule ndimo lilimo somo letu la leo. Kilichowaumiza hakikuwa chakula cha Kimeksiko. Wali ule ungekuwa wa nazi au pilau, matokeo yangekuwa yale yale. Kosa lilikuwa katika zile saa sita au saba wali ulipokaa juu ya meza. Alhamdulillah, tulimnywesha mtoto maji yenye chumvichumvi, yaani ORS, kidogo kidogo kwa kijiko usiku kucha, na kulipopambazuka alikuwa ameshaomba uji.

Tangu siku ile akina mama na vijana wengi wameniuliza kuhusu chakula hiki. Je, ni halali? Kinapikwaje? Mwenye kisukari anaweza kula? Nimeona nijibu yote kwa pamoja.

CHAKULA HIKI KIMETOKA WAPI?

Wengi hukiita cha Kimeksiko, lakini kwa usahihi ni chakula cha Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Texas ilikuwa sehemu ya Meksiko mpaka ilipojitenga mwaka 1836, na mwaka 1845 ikaingizwa Marekani. Baada ya vita vya mwaka 1846 hadi 1848, Meksiko ilipoteza eneo jingine kubwa zaidi, ikiwemo California. Watu waliokuwa wakiishi huko hawakuhama. Ni mpaka ndio uliowavuka. Mapishi yao yakachanganyika na ya majirani zao wapya, na hapo ndipo kilipozaliwa chakula chenye nyama nyingi ya ng'ombe na bizari nyingi kuliko ilivyo kawaida katika sehemu nyingi za Meksiko yenyewe.

Katika mji wa San Antonio, Texas, kuanzia miaka ya 1880 kulikuwa na akina mama waliouza mchuzi wa nyama na pilipili katika viwanja vya wazi nyakati za usiku. Walijulikana sana, na wageni walisafiri kwenda kuwaona. Katika miaka ya 1930 maafisa wa afya wa mji walianza kuwabana kwa sababu za usafi, na kufikia katikati ya miaka ya 1940 meza zao zilikuwa zimetoweka. Kwa hiyo suala la usafi katika chakula hiki halikuanza leo.

Bakuli lenyewe ni la juzi tu. Wamarekani walizoea kufunga wali, nyama na maharage ndani ya mkate laini wa ngano unaofanana na chapati. Baadaye wakauondoa mkate, wakaweka vile vya ndani katika bakuli. Basi.

Sasa tazama kilichomo bakulini. Mahindi, maharage, nyanya, pilipili na parachichi asili yake ni Meksiko na nchi za jirani zake. Sisi tumevizoea mpaka tunadhani ni vya babu zetu, kumbe vilivuka bahari baada ya Wazungu kufika kule. Mchele, ng'ombe, vitunguu, bizari na giligilani navyo vilipelekwa Meksiko na Wahispania katika karne ya 16. Na Wahispania wenyewe kilimo cha mpunga walikipata kwa Waislamu waliotawala Andalusia. Mpaka leo Mhispania huuita mchele arroz, na sisi tuliopitia madrasa tunalitambua neno hilo mara moja kuwa ni ar-ruzz ya Kiarabu. Kwa hiyo mama yule aliyesema "vyakula vya watu" alikuwa anakula vitu ambavyo karibu vyote vilikuwa jikoni mwake tangu zamani.

HALALI NA TWAYYIB

Ukikipika nyumbani kwa nyama iliyochinjwa kisheria, hakuna katika mahitaji yake kitu cha kukutia shaka. Shaka huja kwenye vilivyopikwa na wengine au vya makopo. Kwa desturi ya Wameksiko, maharage ya kupondwa hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe, na baadhi ya mikate yao nayo hukandwa kwa mafuta hayo. Basi ewe mwenye kununua maharage ya kopo, au uliye na ndugu huko Marekani anayenunua, msome kibandiko. Neno lard kwa Kiingereza, au manteca katika bidhaa za Kimeksiko, maana yake ni mafuta ya nguruwe. Soseji ya kwao iitwayo chorizo nayo mara nyingi ni ya nguruwe. Tumia mafuta ya alizeti na nyama ya bucha unayoiamini, na utakuwa umeepukana na yote hayo.

Lakini tusiishie kwenye halali tukasahau twayyib. Ng'ombe anaweza kuchinjwa kwa utaratibu wote, kisha nyama yake ikaharibiwa na mashine chafu ya kusagia au mikono isiyooshwa. Uhalali wa nyama hauui bakteria. Hiyo ni kazi yetu sisi tunaopika.

MAHITAJI (WATU SITA)

Mchele vikombe 2. Nyama ya ng'ombe ya kusaga nusu kilo, isiyo na mafuta mengi. Maharage makavu kikombe 1. Mahindi mabichi 2. Nyanya 6. Vitunguu maji 3. Vitunguu saumu punje 5. Bizari nyembamba ya unga, ambayo wengine huiita jira, vijiko 2 vya chai. Giligilani ya unga kijiko 1 cha chai. Pilipili nyekundu ya unga kijiko 1 cha chai, au nusu yake kama kuna watoto. Parachichi 1 kubwa. Ndimu 3. Kotmiri, yaani majani ya giligilani, fungu 1. Mafuta ya alizeti vijiko 4 vya chakula. Mtindi mzito kikombe 1. Chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai kwa chakula chote.

Wamarekani huuziwa pakiti za viungo vilivyokwisha changanywa, na nyingi kati ya hizo zina chumvi nyingi. Huzihitaji. Bizari, saumu, pilipili na ndimu vinatosha kukupa ile ladha.

NAMNA YA KUPIKA

Kwanza, maharage. Yaloweke usiku baada ya Isha. Asubuhi mwaga maji yale, usiyapikie, tia maji mapya. Yachemshe yatokote kwa nguvu kwa dakika 30, ndipo upunguze moto yaendelee mpaka yaive kabisa. Usilidharau hili. Maharage, hasa yale mekundu, yana sumu ya asili inayoondoka kwa kutokota barabara. Yakipikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo yanaweza kumtapisha mtu vibaya hata kama aliyala machache. Yakikaribia kuiva, tia kitunguu kilichokatwa, punje moja ya saumu na chumvi kidogo.

Pili, nyama. Nunua kipande kizima kisha usagiwe mbele yako, asubuhi mapema mashine ikiwa ingali safi. Fika nayo nyumbani upesi na uiweke kwenye friji, au uipike mara moja. Weka kikaango motoni, tia kijiko kimoja cha mafuta, kaanga kitunguu na saumu, kisha nyama. Ivuruge kwa mwiko isifanye mabonge. Maji yake yakikauka tia bizari, giligilani na pilipili, koroga kwa dakika moja mpaka harufu ipande, kisha tia nyanya mbili zilizokatwa na chumvi. Ipike mpaka kusiwe na sehemu yenye rangi ya waridi. Mwenye kipimajoto cha jikoni ahakikishe imefika nyuzijoto 71. Kama imetoa mafuta mengi, yachote uyamwage.

Tatu, wali. Osha mchele, uchuje ukauke maji. Kaanga kwa vijiko viwili vya mafuta mpaka punje zianze kubadilika rangi. Saga nyanya mbili pamoja na nusu kitunguu na saumu, mimina humo, acha ikauke kidogo, kisha tia maji ya moto vikombe 4 na chumvi. Funika, punguza moto, uache uive. Mpishi wa pilau hatapata taabu hapa.

Nne, mahindi. Yachemshe, yapukuchue, kisha uyakaange kwa kijiko cha mafuta kilichobaki mpaka yapate madoa ya kuungua kidogo.

Tano, kachumbari na parachichi. Nyanya mbili, kitunguu, kotmiri na maji ya ndimu mbili. Parachichi liponde kwa uma, likamulie ndimu ya tatu lisigeuke rangi. Hivi haviguswi na moto, kwa hiyo usafi wake wote uko katika maji na mikono. Vioshe kwa maji salama yanayotiririka, hata ganda la parachichi, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa juu ya ganda na kuupeleka ndani. Na usitumie kibao au kisu kilichoshika nyama mbichi mpaka ukioshe kwa sabuni na maji ya moto. Mwenye uwezo awe na vibao viwili.

Kisha panga kwenye bakuli: wali, maharage, nyama, mahindi, kachumbari, parachichi, na kijiko cha mtindi juu.

KWA NINI KUPASHA MOTO HAKUTOSHI

Sasa turudi kwa mama yule. Katika mchele mbichi mara nyingi huwemo bakteria aitwaye Bacillus cereus. Huyu hujikinga ndani ya mbegu ngumu zisizokufa kwa kuchemshwa. Wali ukiliwa ukiwa wa moto hapana tatizo. Ukiachwa upoe polepole katika sufuria kubwa, zile mbegu huchipua, bakteria huongezeka na kumwaga sumu ndani ya wali. Sumu ile haivunjwi na moto wa kupasha. Unaweza kuwaua bakteria wote, wali ukatoa moshi, na sumu ikabaki pale pale. Haina harufu wala ladha. Mtu huanza kutapika kati ya nusu saa na saa sita baada ya kula.

Nyama na maharage navyo vina adui yao, Clostridium perfringens, anayependa sufuria kubwa iliyo vuguvugu. Mwezi Julai 2018, katika mji wa Powell, jimbo la Ohio huko Marekani, watu zaidi ya 600 waliugua baada ya kula katika mgahawa mmoja unaouza mabakuli ya aina hii. Uchunguzi ulimkuta bakteria huyu, ambaye huzaliana chakula kinapowekwa katika joto lisilofaa. Ikiwa hilo lilitokea katika mgahawa wenye mashine za kila namna, sisi wenye sufuria na jiko la mkaa tuna sababu zaidi ya kujihadhari.

Nyama ya kusaga ina hatari yake ya tatu. Kipande kizima cha nyama bakteria hukaa juu yake, na moto huwapata. Ikisagwa, waliokuwa juu huingia ndani. Mwanzoni mwa mwaka 1993, katika majimbo ya magharibi ya Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua na watoto wanne walifariki kwa sababu ya nyama ya kusaga isiyoiva vizuri, iliyokuwa na bakteria aina ya E. coli O157:H7. Kwa hiyo usimhurumie mtu anayekuambia nyama ikiiva sana hukauka. Tia nyanya, italainika.

Kanuni ya kushika ni hii: chakula kilichopikwa kisikae nje ya moto au friji zaidi ya saa mbili, na katika joto la zaidi ya nyuzi 32, ambalo kwa watu wa pwani si geni, kisizidi saa moja.

VIPI KUHUSU KIPORO?

Najua hapa nagusa mahali panapouma. Wengi wetu tumekulia kiporo cha wali kwa chai ya rangi, na tulikwenda madrasa tumeshiba. Siwaambii mtupe chakula, kwani israfu nayo ni kosa. Nasema tukihifadhi vizuri au tusibakishe.

Mwenye friji, mara mtakapomaliza kula, autandaze wali kwenye sinia upoe upesi, autie katika chombo chenye kifuniko na kuuweka kwenye friji ndani ya saa moja. Auleje kesho yake? Aupashe mara moja tu, mpaka uwe wa moto kote hadi katikati, na ukibaki tena usirudishwe. Nyama na maharage vigawe katika vyombo vidogo vidogo, visiwekwe kwenye sufuria nzima iliyojaa. Kachumbari iliyobaki usiiweke.

Asiye na friji, au ambaye umeme wake ni wa kukatikakatika, apike kadiri ya walaji. Na kikizidi, mpelekee jirani kingali cha moto. Utapata thawabu na tumbo salama kwa pamoja.

Kama mnataka kula baada ya Magharibi, yafaa kupanga hivi: maharage yachemshwe mchana na, yakimalizika, yabaki motoni au yaingie friji, kachumbari ikatwe baada ya Alasiri, nyama na wali vipikwe mwisho kabisa. Kitakachopikwa mwisho kiwe wali, kwani huo ndio uliowaponza wenzetu.

KIPIMO CHA BAKULI

Ubaya wa bakuli ni kwamba lina kina, na mtu hujaza wali mpaka katikati bila kujua. Mwenye kisukari au presha anaweza kula chakula hiki kwa raha, ila ageuze vipimo: nusu ya bakuli iwe kachumbari na mboga, robo iwe nyama na maharage, na robo iwe wali. Mahindi ni wanga pia, kwa hiyo akiyaongeza apunguze wali. Chumvi kwa siku nzima kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na ndimu itakusaidia usiitamani. Watoto wadogo watolewe nyama kabla ya kutiwa pilipili.

MKIUGUA

Mtu akianza kutapika au kuharisha, mnyweshe ORS kidogo kidogo. Kama hakuna pakiti, chukua lita moja ya maji salama, sukari vijiko 6 vya chai vilivyosawazishwa na chumvi nusu kijiko cha chai. Usizidishe chumvi. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, na anayeharisha apewe pia vidonge vya zinki kama atakavyoelekezwa kituoni.

Mpelekeni kituo cha afya haraka ukiona mojawapo ya haya: kinyesi chenye damu, kushindwa kunywa, kulegea au kusinzia kupita kiasi, macho kudidimia, au mkojo kupungua. Kuharisha damu baada ya kula nyama isiyoiva ni jambo la hatari kwa mtoto, kwani bakteria yule wa E. coli anaweza kuharibu figo. Katika hali hiyo msimpe vidonge vya kufunga tumbo wala dawa za kuua bakteria kwa kubahatisha. Aonwe kwanza na mtaalamu.

Ndugu msomaji, yule binti nilionana naye tena baada ya wiki chache, amemleta mtoto kliniki. Nikamuuliza kama bado anapika. Akacheka, akasema mama yake sasa ndiye anayelidai lile bakuli kila Ijumaa, kwa sharti moja tu: wali uingie jikoni baada ya wote kurudi nyumbani, si kabla.

Nami sina sharti bora la kukupa kuliko hilo. Osha mikono, ivisha nyama, pika wali mwisho, na mle pamoja chakula kingali cha moto.

Wabillahi tawfiq.